Karani na Kidari cha Mama

Nilimlisha mbwa kidari cha mama yangu. Chote, mpaka gegedu la mwisho.

Naanza na hilo kwa sababu nimesoma kumbukumbu za wazee waliostaafu, zile zinazochapwa magazetini ili kutuonya sisi vijana, na ujanja wao nimeshaujua. Mzee wa reli atakusifia filimbi yake, kofia yake na uaminifu wake, na ukikaribia mwisho ndipo anataja kwa sauti ndogo kwamba aliwahi kuliacha behewa zima likajiendea lenyewe kuelekea Moshi. Mimi behewa langu nimeliweka mezani mapema. Sasa tuzungumze.

Mimi ni mstaafu wa kazi ya kufundisha mbwa. Najua mnacheka, ninyi wa darasa la tano, kwa kuwa leo asubuhi mlimwona Mwalimu akinivuta sikio mbele ya mstari. Sikio la mstaafu huvutwa kama la mtu mwingine yeyote. Kustaafu ni kuitumikia kazi kisha ukaiacha, nami nimeitumikia likizo baada ya likizo, na siku ya kuachana nayo hakuna aliyenipa saa ya ukutani. Mnakumbuka pia kwamba muhula huu niliingia shuleni madaftari ya wenzangu yamekwisha kufika katikati. Mwalimu aliambiwa nilikuwa na homa. Aliyemwambia ni mimi. Ukweli ni huu ninaouandika, na mwenye mdomo wa kupeleka habari ofisini aache kusoma hapa hapa.

Kwa ninyi mliotoka mbali, ambako huenda nyama hugawanywa na mwenye kisu, nieleze kidari ni nini kwetu. Huku mlimani Meru mbuzi hagombaniwi kama maharage ya bwaloni. Kila kiungo kina mwenyewe hata kabla mbuzi hajafungwa miguu. Katika ukoo wa mama, kidari ni cha dada mkubwa. Kaka mtu anaweza kununa mwaka mzima, lakini siku atakayochinja, kidari kitafungwa kwenye jani la mgomba, kitatiwa kikapuni, na kitatembea mpaka kimfikie dada yake. Kikifika kimesema: wewe bado ni wetu. Naye dada hukirudisha kile kikapu na kitu ndani, ndizi au maziwa, kusema kwamba amesikia. Kikapu kisiporudi, ni tusi. Kidari kisipofika, ni tusi kubwa zaidi. Mimi kwa mchana mmoja nilitukana pande zote mbili bila kufungua mdomo.

Lakini kwanza shule yangu ya kazi.

Chini ya barabara ya Tengeru kuna shamba la kahawa la Bibi mmoja wa Kizungu, ambaye sisi tulimwita Bibi Kofia, maana hakuna kibarua aliyewahi kuziona nywele zake. Alikuwa na mbwa wakubwa wenye miguu kama ya ndama. Mbwa wale walikula nyama kila siku ya Mungu. Sisi tuliokuwa tukichuma kahawa wakati wa likizo tulipewa posho ya unga wenye wadudu. Hatukulalamika sana, wadudu nao ni nyama.

Mwangalizi wa mbwa hao alikuwa Mzee Loishiye, Mwarusha mwenye masikio yaliyotobolewa hadi yakagusa mabega. Kiingereza chote alichokijua kilikuwa kile cha mbwa. Siku moja Bwana mkubwa fulani alifika kwa gari, na Bibi alikuwa bado ndani. Mzee Loishiye, kwa adabu, akamwonyesha kiti cha barazani akasema, "Sidaun." Bwana akaketi. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema, "Gudi boi." Nilikuwepo. Mkono wake ulikuwa tayari umeingia mfukoni kutafuta kipande cha ini, ukakumbuka, ukatoka mtupu.

Saa ya kupumzika nilikuwa nikienda kukaa kwenye ua wa mbwa na kumtazama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kuniamkia mimi au kuliamkia ini?"

"Ini, mzee."

"Angalau hudanganyi. Kaa."

Ini lilikuwa limechemshwa likakaushwa juu ya moshi, naye alikuwa akilikata vipande vidogo kama punje ya mahindi. Nikamwuliza mbona ubahili namna hii, na Bibi ana ng'ombe wengi kiasi kile.

"Ukimpa pande," akasema, "atakaa ale. Akishiba atalala. Akilala, wewe ndiye utabaki umesimama hapo unamngoja kama mbwa wake."

"Na nikimpa punje?"

"Ukimpa punje, atakuuliza: nyingine iko wapi? Hapo ndipo anaanza kukusikiliza."

Andikeni hilo. Jambo la pili lilihusu wakati. Mzee alisema kwamba ini lina neno moja tu, nalo ni "hilo". Hilo ulilolifanya sasa hivi. Ukichelewa hata pumzi moja, umelipa kitu kingine. Alinionyesha mbwa mmoja wa rangi ya majivu, ambaye kijana fulani alikuwa akimwita, mbwa anakuja, anajikuna sikio, ndipo kijana anakumbuka kumpa. "Mwite," Mzee akaniambia. Nikamwita. Mbwa akaja mbio, akasimama mbele yangu, akajikuna sikio kwa bidii kubwa, akaninyooshea pua. Hakuwa na kiroboto hata mmoja. Alikuwa kazini.

Nilirudi shuleni muhula ule nikiwa na mawazo mapya. Nikamwambia Mwalimu wa hesabu, kwa heshima zote, kwamba mbwa wa Bibi Kofia hujifunza upesi kwa sababu akipatia hupewa kitu, wakati sisi tukipatia hatupewi chochote ila kutopigwa. Nikapendekeza karanga, moja kwa kila jibu sahihi. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanituma nikachume fimbo nzuri ya mpera, akanilipa papo hapo, bila kuchelewa hata pumzi moja. Kwa upande wa wakati, Mzee Loishiye asingepata la kumsahihisha.

Sasa mbwa wangu. Jina lake ni Karani, kwa sababu shingoni ana weupe kama kola ya karani wa Boma, na kwa sababu nyingine mtakayoitambua mkimwona: wengine wakifanya kazi, yeye hukaa kivulini na kuwatazama kana kwamba anawaandika. Kodi hakuwahi kulipa.

Mama yangu ana shamba la mahindi pale juu, ambapo migomba yetu inaishia na msitu unaanza. Msitu una tumbili. Baba yuko Tanga kwenye mkonge, huja Krismasi. Kwa hiyo mahindi yakianza kubeba, mama hushinda shambani na debe tupu na gongo, akilipiga tangu umande haujakauka mpaka giza, nao tumbili wamelizoea debe lile kama ninyi mlivyoizoea kengele ya shule: wanajua linasema nini, hawana haraka nalo. Likizo iliyopita nilimkuta mama amekonda, sauti imekauka. Jioni ile ile, kabla hata sijafungua sanduku langu, alinipa amri. Kwetu tunasema Kimeru. Ninaweka kwa Kiswahili.

"Nimechoka kuwa mke wa debe," alisema. "Shule ikifunguliwa, mmoja wenu atabaki na haya mahindi. Mbwa akiwa amejua kulinda, atabaki mbwa. Asipojua, utabaki wewe mpaka mavuno. Mimi nina kahawa, nina migomba, nina ng'ombe, na mwili ni huu mmoja."

"Mama, mimi niko darasa la nane."

"Tumbili hawajui hesabu za madarasa."

Ninyi wa darasa la tano bado mnadhani kiti cha darasani ni cha mtu kwa sababu amekwaruza jina lake juu yake. Subirini. Huko nje ya uzio wako watoto wanaokitazama kiti hicho, na mkuu wa shule hapendi kukiona kitupu. Kubaki mpaka mavuno katika mwaka wa mtihani ilikuwa kamari. Kwa hiyo msidhani nilikuwa nacheza na mbwa. Nilikuwa napigania shule yangu kwa msaada wa mnyama anayeogopa bata.

Makosa niliyoyafanya yangetosha wafundishaji kumi. Kwanza nilimlipa ugali. Karani alikula, akashukuru, akalala katikati ya mahindi na tumbili wakamruka. Nilidhani nimesikia mmoja akicheka.

Nikaenda kwa Mzee Loishiye, akanipa ini kidogo. Nikaamua kumlipa Karani kila anapobweka, kwa kuwa mbwa wa ulinzi hubweka. Alielewa siku ile ile. Akalibwekea jani la mgomba. Akaibwekea ndoo. Akambwekea mama akitoka kukamua, kisha akamfuata mpaka jikoni kudai haki yake. Jumapili Mchungaji alipotutembelea, Karani alimbwekea tangu njiani hadi mlangoni, halafu akaketi mbele yake, akanyoosha shingo yenye kola, akangoja malipo. Mchungaji akamgeukia mama yangu.

"Mama," akasema, "huyu ana tabia zote za wazee wangu wa kanisa."

Baada ya hapo nikawa mwerevu zaidi, na hilo ndilo huharibu. Nikamtuma Karani kwenye tumbili, na akirudi kwangu nampa ini. Akawa anatoka mbio mpaka mstari wa kwanza wa mahindi, anaugusa kwa pua kama mtoto anayegusa ukuta katika mchezo wa kukimbizana, anageuka, anarudi mbio mara mbili zaidi. Tumbili walikaa juu ya mabua wakimenya, wakitutazama tunavyofanya mazoezi.

Nikashuka tena Tengeru, nikamweleza Mzee.

"Ulipompa ini, yeye alikuwa wapi?"

"Miguuni pangu, mzee."

"Na tumbili?"

"Kwenye mahindi."

"Basi umemfundisha kuwa miguuni pako wakati tumbili wako kwenye mahindi. Amefaulu. Mpe cheti."

Nilitaka kulia. Nikamwambia siwezi kukimbia na ini mkononi mpaka kwenye mkia wa tumbili ili nimlipe pale pale. Akasema hilo ni kweli, na kwamba kwa sababu hiyo watu hutuma neno.

"Chagua neno moja ambalo kwenu halisemwi ovyo. Lisiwe 'njoo', lisiwe 'kula', hayo yamechakaa. Sema neno, mtie nyama mdomoni. Sema neno, mtie nyama. Mpaka siku moja neno lenyewe linashika mafuta. Hapo hata akiwa mbali, ukilipiga wakati anafanya lile unalolitaka, atajua amelipwa. Nyama atakuja kuichukua baadaye."

"Na nyama iwe gani?"

"Ya kumshtua. Hili ini ameshalizoea. Kazi mpya, mshahara mpya."

Wiki ile ile Bibi Kofia alisafiri na mbwa wake kwenda Nairobi kwenye maonyesho, na ini likasafiri nao. Nikaenda kwenye duka la Mhindi pale sokoni kuuliza biskuti zilizovunjika.

"Biskuti nafanya nini?" akauliza mwenye duka.

"Ya mbwa, Bwana."

Akaacha kufunga sukari. "Mbwa yako nakula biskuti. Mama yako nakula nini?"

"Makande, Bwana."

"Basi mimi iko uza biskuti kwa mama. Kwa mbwa hapana." Akanipa moja bure, akanisimamia mpaka nikaila mwenyewe.

Shule ilikuwa imekaribia kufunguliwa. Nilimwona mama akiangalia debe, kisha akiniangalia mimi, kama fundi anayepima kofia kwenye kichwa.

Ndipo Mjomba Anaeli, mdogo wake mama, akachinja mbuzi. Binti yake alikuwa amepata kipaimara. Ukoo mzima ulikwenda isipokuwa mama, ambaye asingeweza kuwaachia tumbili shamba hata kwa kipaimara. Alinituma mimi. Nilikula, niliimba, nilicheka, na nilipoaga, mjomba mwenyewe alinikabidhi kikapu.

"Mpelekee dada kidari chake. Mwambie tulimkosa."

Nilikipokea kwa mikono miwili. Wala sikuwa na nia mbaya. Nia mbaya nilikutana nayo njiani.

Njia ya kutoka kwa mjomba hupita ukingo wa shamba letu. Mama alikuwa ameshuka mtoni kuchota maji. Karani alikuja kunilaki, pua ikagusa kikapu, na mbwa yule ambaye sijawahi kumwona amesimama wima kwa jambo lolote akasimama wima. Masikio, mkia, kola, vyote. Alinitazama kama ndio kwanza tunafahamiana. Nikakumbuka: mshahara mpya. Nikajiambia nitapunguza ncha tu, pale ambapo hata kisu cha mchinjaji kingepunguza. Nikakosa neno la kusema. Ninyi mngesema nini? Nilikuwa na kidari mkononi. Na nani kwetu husema "kidari" ovyo? Labda mara chache kwa mwaka, mbuzi akichinjwa. Lilikuwa neno safi kabisa, halijaguswa.

"Kidari!" nikasema, nikamtia punje mdomoni.

Kidari kimoja, wadogo zangu, kina punje nyingi kuliko mnavyodhani, na huisha upesi kuliko mnavyodhani. Nilikata, nikasema, nikampa, nikakata. Tumbili wakashuka. Karani akatoka mbio, na safari hii hakugusa mstari wa kwanza akageuka, kwa maana pale pale alipouvuka nikapiga kelele "Kidari!" naye akaongeza mwendo. Akawaingia. Tumbili mmoja mkubwa, mzee wa ukoo wao bila shaka, aliangusha hindi aliloanza kumenya, jambo ambalo sijawahi kuliona. "Kidari!" Wakapanda miti wakitukana. Karani akarudi kuchukua chake, macho yanawaka.

Nilipotazama kikapu nilikuta jani.

Niliapa nitamwambia mama ukweli. Nilikwenda nyumbani nikiwa nimeyapanga maneno vizuri kabisa.

"Mjomba hajambo?" akaniuliza.

"Hajambo, mama. Anakusalimu."

Akangoja. Akapangusa mikono kwenye kanga.

"Salamu tu?"

"Salamu tu, mama."

"Haya," akasema, akageuka kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Kikapu nilikisukuma chini ya kitanda changu.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kwa uzuri wa kutia hofu. Neno lilikuwa limeshika mafuta kweli. Nililipa kwa chochote, dagaa, kiazi, ukoko wa ugali, na Karani alipokea vyote kama vile ni nyama, mradi nimelitaja. Alilala ukingoni mwa msitu. Tumbili walihamia kwa jirani, naye jirani akaja kumwuliza mama dawa aliyotumia. Mama alisimama shambani na mikono mitupu kwa mara ya kwanza tangu mahindi yaanze kubeba, hajui aiweke wapi. Jioni akalipandisha debe darini.

"Limestaafu," akasema. Neno hili la kustaafu nimelitoa kwake.

Alinisaidia hata kufunga sanduku langu kwa kamba. Lakini nyakati za usiku, wakati wa kula, alikuwa akisema na sufuria. "Amechinja. Watu wamekula mpaka wa kule mbali Poli. Mimi hata mfupa." Nami nilikuwa nikitafuna polepole sana, mtu anayetafuna haulizwi. Nikisema, nitabaki. Nikinyamaza, nitakwenda shule na yeye atabaki amenuna na kaka yake mpaka mbuzi mwingine. Niliamua kwamba mbuzi ni wengi duniani. Hayo ndiyo mawazo ya msomi, wadogo zangu. Msishangae Serikali inatutaka.

Jumapili, baada ya kanisa, siku moja kabla sijaondoka, Mjomba Anaeli akaja. Alivaa koti. Mama akamletea chai, naye akaisukuma kando.

"Dada, sikuja kunywa chai."

"Basi hukuja kwangu."

Nilikuwa nimekaa juu ya sanduku langu pale mlangoni. Nikaanza kuifungua na kuifunga kamba.

"Dada, nimekukosea nini?"

"Wewe ndiye unajua ulichofanya. Au usichofanya."

"Mimi nimefanya kila kitu! Wiki nzima nangoja. Mke wangu ananiuliza, dada yako amekasirika? Kikapu hakijarudi. Hata kitupu hakijarudi!"

"Kikapu gani?"

"Kikapu cha kidari!"

Huko juu shambani mahindi yakatikisika. Karani akateremka kupitia migombani kama jiwe lililoachiwa mlimani, akavuka uwanja, akaketi mbele yangu, akafungua mdomo.

Mzee Loishiye hakuwa ameniambia kwamba neno likishashika mafuta, mbwa hajali limetoka kinywani mwa nani. Nikafanya kosa baya la kikazi: ili aniondokee, nikampa kipande cha kiazi. Yaani nikamlipa.

"Kidari gani, Anaeli?" mama akauliza.

Karani akaruka. Mbio mpaka shambani, tukamsikia akiwafukuza tumbili wasiokuwepo, mbio mpaka kwangu. Akaketi. Akafungua mdomo.

"Kidari nilichompa mwanao mkononi! Huyu huyu!"

Shambani. Kelele. Uwanjani. Mdomo.

Mjomba alikuwa ameinua kidole kunionyesha, kidole kikabaki hewani. Akamtazama mbwa. Akanitazama mimi. Ni mtu mpole, lakini ni mzee wa baraza, amesikiliza kesi nyingi za mipaka na ng'ombe.

"Dada," akasema taratibu, "ngoja kidogo." Akamwinamia Karani. "Ugali."

Karani akamtazama tu.

"Maziwa."

Karani akajikuna.

"Ini."

Karani akapiga mwayo.

Mjomba akamgeukia mama. Mama alikuwa ameshaelewa, nililiona shingoni mwake, lakini alitaka kuupima ushahidi kwa kinywa chake mwenyewe. Akasema kwa sauti ya chini, ile anayotumia kanisani wakati wa ungamo:

"Kidari."

Mbwa hakuwa amewahi kukimbia vile. Aliporudi alikuwa na kipande cha bua la mahindi kwenye sikio, na kwa kuwa mimi sikuwa na kiazi tena, akaweka mguu wake wa mbele juu ya goti langu, kuonyesha nani mdaiwa.

Mjomba Anaeli alianza kucheka ndani ya koti. Koti likatikisika, kisha kigoda, kisha yeye mwenyewe akawa chini kwenye vumbi akilia machozi. "Kidari!" alijaribu kusema, na mbwa akaenda tena, naye akazidi kuumwa mbavu. Alipopata pumzi akanyoosha mkono, akaivuta ile chai, akainywa yote ikiwa imepoa. Basi nikajua angalau kati ya wale wawili mambo yamekwisha.

Mama hakucheka. Aliingia ndani. Nilimsikia akikanyaga ngazi ya darini. Akatoka, akasimama mbele yangu, akamtazama Karani kwa muda, akanitazama mimi kwa muda mfupi zaidi, akaweka debe juu ya sanduku langu.

"Nilisema mmoja wenu atabaki," akasema. "Anayefundishwa akaelewa ni huyu, yeye aende shule. Wewe chukua debe."